Mwendo wa Ndege Usituhadae

Wazee wetu walipotaka kwenda Lamu kutoka Mombasa walingoja kusi ivume, wakapanda jahazi, na siku ya kufika aliijua Mungu. Leo ukimuuliza mtu kama Lamu ni mbali, atakucheka. "Mbali wapi? Dakika arubaini tu!"

Jawabu hilo ni kweli, lakini ni nusu ya kweli. Kutoka uwanja wa Moi, Mombasa, hadi uwanja wa Manda, kwa mstari ulionyooka, ni kama kilomita 246. Ndege ndogo yenye kasi ya kilomita 350 kwa saa huzimaliza kwa dakika 42, ukiongeza chache za kupaa na kutua. Gari litapitia Malindi, Garsen na Witu mpaka Mokowe, zaidi ya kilomita 300. Ndege imeshinda; hapo sina ubishi.

Ubishi wangu ni juu ya hesabu inayoanzia angani. Mtu wa Mji wa Kale hana budi avuke Makupa, apambane na malori hadi Changamwe, afike mapema, apekuliwe, kisha angoje. Akitua Manda bado hajafika Lamu: pana maji mbele yake, naye atafute mashua. Dakika 42 zimekwisha kuzaa saa nne au tano.

Haya yamenifika. Miaka michache nyuma nilipigiwa simu baada ya alfajiri kuwa shangazi yangu wa Lamu amefariki. Mwanawe akaniambia, "Kaka, ndege ni dakika arubaini. Tutakungoja, tuzike adhuhuri." Nami, kwa uchungu, nikakubali. Nafasi niliipata katika ndege ya mchana, na ndege yenyewe ikachelewa. Nilipoteremka mashuani watu walikuwa wakitoka kuswali alasiri. Kaburi lilikuwa wazi tangu asubuhi, na wazee wamechoka kukaa. Hakuna aliyenilaumu, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Sisi tuliokaa chuoni tulifundishwa kuwa, katika madhehebu ya Shafi, msafiri hupunguza swala akiwa na safari ya marhala mbili, hata akiikata kwa muda mdogo. Wanavyuoni wale walitazama masafa, si wepesi wa chombo. Walijua kwamba safari ni safari, nayo ina dhiki zake. Sisi tumetazama wepesi, tukasahau masafa.

Na Mtume (S.A.W.) ametuhimiza tuliharakishe jeneza. Basi rai yangu ni hii: aliye mbali asiombe kungojewa kwa kutegemea dakika za ndege. Ahesabu kutoka mlangoni kwake hadi mlangoni kwa wafiwa. Hesabu ikikubali, na aende. Ikikataa, awaambie mwenyewe, "Zikeni, mimi nitakuja." Aseme yeye, kwa kuwa wafiwa wataona haya kumwambia.

Najua ni vigumu kukosa kutia mchanga kaburini kwa mtu aliyekulea. Lakini kaburi halihami. Utasimama hapo umswalie na umwombee. Na aliyeshindwa kabisa kwenda anayo swala ya ghaibu. Hiyo haina foleni wala haingoji mashua.