Saa ya Mgeni Rasmi na Saa ya Jua

Nilikuwa nimelala kwa ndugu zangu Msimbati, na alfajiri maji yalipokupwa nikashuka pwani kukimbia mahali ambapo mchanga umeshikana. Nikakutana na akina mama wawili, ndoo kichwani na vyuma mkononi, wakielekea mwambani kusaka pweza. Yule mdogo alinipa shikamoo, kisha akasimama akanitazama kwa mashaka na kuuliza: "Babu, kuna msiba huko utokako?" Nikamwambia hakuna msiba, nafanya mazoezi. Yule mkubwa akacheka. "Haya, Mungu akufikishe," akasema, wakashika njia yao.

Sikuchukia. Katika pwani hii inayoanzia Mikindani hadi maingilio ya Mto Ruvuma, mtu wa umri wangu akionekana anakimbia huwa ama anapeleka habari mbaya, ama habari mbaya inamfuata nyuma. Na kwa hakika mimi ilikuwa inanifuata. Nina miaka 58. Nilianza kukimbia nikiwa na 52, baada ya daktari kunipima presha mara tatu kwa asubuhi moja, akidhani kipimo chake kimeharibika. Mwaka uleule tulimzika mwenzetu wa idara aliyekuwa amestaafu miezi michache tu kabla ya hapo. Mafao yake yalitoka akiwa amekwisha kuzikwa. Nilirudi nyumbani kutoka makaburini nikavua viatu vya ngozi, nikatafuta raba.

Ndugu msomaji, sikusudii kukuhubiria mazoezi. Wahubiri wapo wa kutosha. Desemba 2016 Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, aliitangaza Jumamosi ya pili ya kila mwezi kuwa siku ya mazoezi, na watumishi wengi tulitoka barabarani na fulana mpya. Tangu hapo mbio zimeota kama uyoga. Moshi wana Kilimanjaro Marathon ya miaka mingi, sisi Mtwara tunayo Korosho Marathon, na siku hizi ni nadra kuona benki, chuo au wilaya isiyo na mbio zake. Ni jambo jema. Ninalotaka kulizungumza ni saa ya kuanza mbio hizo, na ni nani anayeipanga.

Nianze na mwili, kwa kuwa ndio unaolipa. Mapigo ya juu kabisa ya moyo hupungua kadiri umri unavyopanda. Kanuni ya makadirio itumiwayo na wengi ni kutoa umri katika 220: kijana wa miaka 22 ana akiba ya mapigo 198 kwa dakika, mimi nina 162. Jasho nalo halipozi mwili kwa kutoka, hupoza kwa kukauka, na katika hewa yetu yenye unyevu wa bahari hudondoka tu chini bila kutusaidia. Mtu akizeeka, damu huchelewa kupanda kwenye ngozi kutoa joto, na kiu huchelewa kumjulisha kwamba maji yamepungua. Tena wengi wetu wa rika hili tunakimbia na vidonge tumboni. Zipo dawa za presha zinazotoa maji na chumvi kwa njia ya mkojo. Zipo zinazouzuia moyo kwenda kasi hata mwenyewe ukiutaka uende. Kwa hiyo mzee anayekimbia kilomita 21 hapambani na wenzake. Anapambana na jua, na ana muda maalumu wa kulikwepa.

Kwa sababu hiyo mazoezi yangu ya kila wiki huanza saa 11:00 alfajiri, gizani. Natoka Shangani, naifuata barabara hadi Mikindani, na kurudi. Kwenda tu ni takriban kilomita kumi, kwa hiyo kwenda na kurudi kunakaribia kabisa nusu marathoni. Mikindani nafika ghuba ikianza kuonesha rangi, na ngalawa zinashushwa majini. Kurudi ndiko kugumu, maana malori yamekwisha kuamka: ya korosho katika msimu wake, na ya makaa ya mawe yatokayo upande wa Songea na Mbinga kuelekea bandarini. Nakimbia ukingoni mwa lami nikisikiliza honi kuliko pumzi zangu. Saa 2:00 asubuhi ninapoingia nyumbani, jua tayari limeanza kugonga kisogoni. Ningechelewa kutoka kwa saa moja, ningerudi kwa bodaboda.

Sasa, miaka miwili iliyopita nilijiandikisha katika nusu marathoni moja nje ya mkoa huu. Jina lake sitalitaja, kwa sababu nililoliona pale nimeliona penginepo pia. Ratiba ilisema mbio zitaanza saa 12:00 kamili asubuhi. Saa 11:30 tulikuwa tumejipanga, namba vifuani, tumekwisha kunywa maji na dawa zetu. Saa 12:00 mshereheshaji akatuomba subira, kwani mgeni rasmi alikuwa njiani. Tukapashwa viungo moto kwa muziki. Tukapashwa tena. Mgeni alifika saa 12:45, akatambulishwa, akatambulisha aliofuatana nao, akazungumza juu ya umuhimu wa afya kwa wananchi, akapiga picha na wadhamini. Bendera ilishushwa saa 1:10.

Fanya hesabu pamoja nami. Mshindi alitumia saa moja na dakika chache, akamaliza kabla ya saa 2:20. Kwake dakika 70 za kungoja zilikuwa usumbufu. Mimi nilitumia saa mbili na dakika 50. Tungeondoka kwa wakati ningemaliza saa 2:50. Badala yake nilimaliza saa 4:00, na kilomita zangu tano za mwisho, zilizo ngumu kuliko zote, nilizikimbia jua likiwa juu na lami ikirudisha joto usoni. Ucheleweshaji ulikuwa mmoja kwa wote, lakini bei yake haikuwa moja. Kadiri mtu alivyokuwa mzito, mzee au mgonjwa, ndivyo alivyolipa zaidi. Kuanzia kilomita ya 15 meza za maji zilikuwa na masanduku matupu na vijana wawili waliotuambia kwa huruma, "Pole mwalimu, yameisha."

Nilipofika, lango la kumalizia lilikuwa linafunguliwa kamba. Viti vya jukwaani vilikuwa vinapakiwa kwenye gari. Saa kubwa ya kuhesabu muda ilikuwa imezimwa, kwa kuwa mgeni rasmi alikuwa na ratiba nyingine na zawadi zilikwisha kutolewa. Mtu mmoja alinipa medali kutoka kwenye boksi, akaniambia nina bahati, zimebaki tatu. Nikakaa kivulini. Dakika 40 baadaye aliingia mama mmoja, muuguzi mstaafu, ambaye nilikuwa nimemwacha kwenye mlima wa katikati. Alikuwa anatembea kwa kujikaza, kanga imefungwa juu ya suruali ya michezo, chumvi imemkauka mashavuni. Lango halikuwapo tena. Alizunguka pale uwanjani akitafuta mstari, kisha akamwendea kijana aliyekuwa anakunja mabango, akamwuliza kwa adabu kabisa: "Mwanangu, hapa nimemaliza au sijamaliza?"

Kijana hakuwa na jibu, na haikuwa kazi yake kuwa nalo. Nilisimama nikampigia makofi peke yangu. Matokeo yalipotangazwa baadaye, orodha iliishia pale saa ilipozimwa. Mimi na yeye hatukuwemo.

Kuna wakati najichekesha kwa historia. Urefu wenyewe wa mbio hizi ulipangwa kwa ajili ya mgeni rasmi. Katika Michezo ya Olimpiki ya London ya mwaka 1908, marathoni ilianzia kwenye viwanja vya kasri la Windsor na kumalizikia mbele ya jukwaa la familia ya kifalme, na umbali ukawa kilomita 42.195. Mwaka 1921 ukafanywa kuwa kipimo rasmi. Nusu yake ni mita 21,097 na nusu. Kila mstaafu anayetembea hatua zile za mwisho anatembea katika hesabu ya itifaki ya Waingereza. 

Na tunaye wa kwetu. Oktoba 20, 1968, John Stephen Akhwari wa Mbulu aliingia uwanja wa Mexico City akichechemea, goti limefungwa bandeji, akiwa wa mwisho kati ya 57 waliomaliza. Waanzaji walikuwa 75. Mamo Wolde wa Ethiopia alikuwa amekwisha kushinda zaidi ya saa moja nyuma. Jibu alilolitoa Akhwari alipoulizwa kwa nini hakuacha, sote tunalijua. Halikosi katika hotuba za wageni rasmi, nami nimelisikia mara mbili nikiwa nimesimama mstarini nangoja hotuba iishe. Jambo tusilolisema ni dogo sana: aliukuta mlango wa uwanja ungali wazi. Walikuwapo watu waliobaki vitini, alikuwapo wa kuandika muda wake, saa 3, dakika 25 na sekunde 27. Waandaaji wangekunja kamba mapema, Tanzania isingekuwa na hadithi hiyo ya kujivunia.

Najua majibu yatakayokuja, maana nimekaa upande huo wa meza. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa mjumbe wa kamati ya michezo ya wanafunzi, na sisi pia tuliwasimamisha vijana juani kumngoja mgeni. Hakuna hata mmoja wetu aliyethubutu kumpigia simu katibu wake kumwambia tunaanza. Tulisema tunamheshimu. Ukweli ni kwamba tuliogopa, na yule mgeni, nilipozungumza naye baadaye, alishangaa kusikia tulikuwa tunamngoja. Aliambiwa afike saa ile aliyofika. Mara nyingi anayewachelewesha wananchi si mkubwa. Ni sisi watumishi wa chini yake tunaobuni heshima ambayo hakuiomba.

Wengine watasema barabara haiwezi kufungwa siku nzima, na polisi wana kazi nyingine. Ni kweli. Basi fomu ya kujiandikisha iseme wazi: mwisho ni saa tatu na nusu tangu kuanza. Mtu ajue kabla ya kulipa ada, na muda huo uhesabiwe kuanzia bendera iliposhuka kweli. Wanaotoa vibali vya mbio, pamoja na maofisa michezo wa mikoa na halmashauri, wanaweza kuweka masharti machache yasiyohitaji bajeti: mbio ndefu zianze kwa saa iliyoandikwa, yeyote awepo au asiwepo, mgeni rasmi aanzishe zile za kilomita tano, baadaye, na hotuba yake aitoe wakati wa zawadi, maji ya meza za mwisho yasiguswe hadi gari la nyuma lipite, na majina yote yaliyovuka mstari yachapishwe. Ikiwa gari la wagonjwa ni moja, libaki na wa nyuma. Wanariadha wa mbele, wa aina ya akina Alphonce Simbu aliyetuletea dhahabu ya dunia kutoka Tokyo Septemba 2025, hawakosi wa kuwatazama.

Wale mama wa Msimbati hawana tatizo hili. Bamvua likiisha limeisha; hakuna diwani anayeweza kuyaomba maji yamsubiri. Ndiyo maana maji yanapokupwa wao wamekwisha kufika mwambani.

Hapa Mtwara tumekuwa tisa sasa, wengi tumepita miaka 50, na yule muuguzi ameahidi kuja kututembelea mwezi ujao kwa basi la usiku. Tutatoka Shangani gizani kwenda Mikindani na kurudi. Mwenzetu mmoja mwenye pikipiki atakaa nyuma na madumu mawili ya maji na chumvi kidogo, pamoja na daftari. Nimemwomba aandike muda wa kila mtu, na asifunge daftari hadi mama afike.