Shujaa Aliyefichwa na Upanga Wake

Msomaji, yamkini umemwona Yasuke kabla ya kusoma habari zake. Mwezi wa Aprili mwaka 2021 filamu ya vibonzo yenye jina lake ilitolewa katika sehemu sita. Ilichorwa na studio ya MAPPA ya Japani, na mwanzilishi wake ni Mmarekani mweusi, LeSean Thomas. Ndani yake yumo mtu mrefu, mweusi, mwenye upanga mkali, samurai wa bwana mkubwa Oda Nobunaga. Bwana anaposhindwa, shujaa huyu anajificha kijijini kwa miaka ishirini, akivusha watu kwa mashua na kunywa pombe ili asahau. Kisha anajikuta mlinzi wa binti mdogo, Saki, mwenye nguvu za ajabu, na wawili hao wanasafiri kati ya wachawi, roboti na mwanamke ageukaye dubu. Picha zake ni nzuri, na muziki wa Flying Lotus hupendeza masikioni. Sitawanyima mafundi haki yao.

Walakini nina shtaka juu ya filamu hii, na shtaka lenyewe si dogo. Imempa Yasuke mambo asiyoyahitaji, ikamnyang'anya lile alilokuwa nalo. Imemzidishia mkono, ikamkata ulimi.

Sikiliza kwanza habari zilizoandikwa na watu wa zama zake, kwa maana hazizidi kurasa chache. Mwaka 1579 padri Mwitalia, Alessandro Valignano, mkaguzi wa misheni za Wajesuiti katika Asia, alishuka Japani akiwa na mtumishi Mwafrika. Mwaka 1581 walifika Kyoto. Watu wa mji walisongamana kumtazama mgeni huyo hata wengine wakaumizwa, na kelele zile zikafika kwa Nobunaga, aliyekuwa mwenye nguvu kuliko mabwana wote wa Japani wakati huo. Nobunaga akataka aletwe. Alipomwona hakuamini kuwa weusi ule ni wa ngozi. Akaamuru avuliwe nguo za juu na kusuguliwa. Ngozi ikabaki vile vile. Basi Yasuke akaingia katika utumishi wake, akapewa posho, nyumba na upanga mfupi wa heshima. Bwana mwingine, Matsudaira Ietada, alimwona mwaka 1582 akaandika katika shajara yake jina la mtu huyo na urefu wake, shaku sita na sun mbili, yaani kama sentimita 188.

Sasa fikiri juu ya tendo lile la kusuguliwa. Mtu mzima anasimamishwa mbele ya umati na kuoshwa kama chungu kilichoshika masizi, ili wakubwa wajue kama rangi yake itatoka. Je, iliwezekanaje mtu aliyeanza kwa fedheha ya namna hiyo awe, katika muda mfupi, mtu wa karibu wa mtawala? Filamu hujibu upesi: kwa upanga. Lakini barua ya Mjesuiti Lourenço Mexia, iliyoandikwa mwaka ule ule wa 1581, hutoa jibu jingine. Yasuke alikuwa na nguvu, ndiyo, na alijua michezo iliyomfurahisha Nobunaga. Lakini pia aliijua kiasi lugha ya Kijapani, na Nobunaga hakuchoka kuzungumza naye. Watu wa mji hata walivumisha kuwa huenda atafanywa bwana.

Hakuchoka kuzungumza naye! Wewe msomaji uliyejifunza Kifaransa au Kijerumani darasani, ukiwa na mwalimu, kitabu na kamusi, wajua ni kazi gani kufika mahali pa kumchekesha mgeni kwa lugha yake mwenyewe. Tangu Yasuke aliposhuka pwani ya Japani hata aliposimama mbele ya Nobunaga haikupita miaka miwili. Katika muda huo, akiwa mtumishi mwenye kazi za utumishi, aliokota maneno ya watu waliomshangaa na kumkodolea macho, akayatia akilini, akayapanga, hata akaweza kuzungumza na mtu ambaye mabwana walitetemeka mbele yake. Hapo ndipo palipo hadithi, na hapo ndipo filamu ilipopita mbio. Yasuke wa vibonzo huzungumza kila lugha bila jasho, kama ilivyo desturi ya sinema, kisha hurudi haraka kukata vichwa.

Tena tazama jambo hili linavyotisha. Mwandishi mmoja wa zama zile, Ōta Gyūichi, alimsifu Yasuke kwa nguvu za watu kumi na kufananisha weusi wake na ng'ombe. Tarehe 21 Juni 1582 jemadari Akechi Mitsuhide alimwasi Nobunaga na kumzingira katika hekalu la Honnō-ji. Nobunaga alipokwisha kufa, Yasuke alikwenda kwa mwanawe, Nobutada, akapigana huko muda mrefu, hata alipotakiwa kuutoa upanga wake akautoa. Mitsuhide alipoulizwa afanywe nini, alisema kuwa huyo ni mnyama asiyejua kitu, wala si Mjapani. Asiuawe, apelekwe kwa mapadri. Basi tuna watu wa karne ya kumi na sita ambao walimwona mwili wake tu: mmoja akausifu, mwingine akaudharau. Na sisi, baada ya zaidi ya miaka mia nne, twaletewa filamu ya kumtukuza, nayo humtukuza kwa nini? Kwa mwili ule ule! Mabega yake yameongezwa, upanga wake umerefushwa. Mtu aliyekaa akazungumza na Nobunaga ameachwa nje ya mlango.

Najua nitajibiwa kuwa huo ni mchezo tu, na kwamba Wajapani huwafanyia mashujaa wao wenyewe vivyo hivyo. Ni kweli. Nobunaga mwenyewe amechorwa mara nyingi kuwa shetani mwenye moto machoni. Lakini pima tofauti. Mtoto wa Kijapani humkuta Nobunaga katika kitabu cha shule, katika sanamu, katika riwaya nyingi na tamthilia nyingi. Kinyago kimoja hakiwezi kuufunika uso unaojulikana hivyo. Yasuke hana uso wa namna hiyo. Ana barua chache na mistari michache ya shajara. Kwa maelfu ya vijana, filamu ile ndiyo ya kwanza na ya mwisho watakayoona juu yake, na baada ya kuitazama hawatajua kuwa Valignano aliishi na roboti hakuwapo. Huenda wengine wakadhani kuwa Yasuke naye alibuniwa, kama yule mwanamke dubu.

Wako pia wabishi wa upande mwingine, wanaosema kuwa hakuwa samurai hata kidogo, kwa sababu kumbukumbu za wakati wake hazimpi neno hilo. Sitakaa nao sana. Katika siku zile mipaka ya daraja haikuwa imefungwa. Toyotomi Hideyoshi, aliyeshika nafasi ya Nobunaga, alitoka chini kabisa katika jeshi, na ni yeye aliyeamuru mwaka 1588 wakulima wapokonywe silaha. Mtu mwenye posho, nyumba na upanga kutoka kwa bwana, akapigana mpaka mwisho upande wa nyumba ya bwana huyo, mwite utakavyo.

Wala tusijidanganye sisi wenyewe. Nimewasikia watu wa pwani yetu wakimdai Yasuke kuwa ndugu yao wa damu. Mwandishi Mjesuiti François Solier aliandika mwaka 1627 kuwa alitoka Msumbiji, na hilo ndilo la kushika. Bahari ni moja, ni kweli, na Wareno wale wale walianza kujenga Ngome ya Yesu kule Mombasa mwaka 1593, miaka kumi na mmoja tu baada ya moto wa Honnō-ji. Lakini kumvika kanzu ya Mombasa mtu ambaye hatujui kabila lake ni kosa lile lile la wachora vibonzo, ila letu halina hata muziki.

Mtaniambia kuwa kurasa chache hazitoshi kutengeneza hadithi. Zilimtosha Kurusu Yoshio, Mjapani, aliyeandika mwaka 1968 kitabu cha watoto kiitwacho Kurosuke juu ya mtu huyu huyu. Naye alibuni, kwa kuwa kila mtunzi hubuni. Lakini alibuni ndani ya moyo wa mtu. Katika kitabu chake, baada ya vita kwisha, Yasuke hulala hekaluni, akawaota wazazi wake Afrika, akalia. Hakuna uchawi katika chozi hilo.

Na mchoraji wa leo ana mengi ya kuchora kama anataka. Achore chumba chenye mikeka na watu wawili wameketi. Mmoja ameua maelfu, na mwingine amekuja toka upande wa pili wa bahari bila kuulizwa kama anataka. Huyu wa pili anatafuta neno, halipati, analizunguka kwa mikono. Yule wa kwanza anangoja, na ghafula anacheka, kwa sababu ameelewa.