Faini si Leseni



Yako mambo ambayo mtu akiyanyamazia huitwa mwenye busara, na yako mengine ambayo akiyanyamazia huwa mshirika wa uovu. Jambo la kilimo cha bangi katika Tarime na Serengeti ni la namna hii ya pili. Toka Sirari mpakani hata Manchira, kila mtu mzima analijua. Analijua mwenyekiti, analijua mwalimu, analijua mwenye pikipiki. Lakini mkutano ukiitishwa, na swali hili likiulizwa, watu wazima na ndevu zao huangalia chini kama watoto walioiba sukari. Haya ndiyo ninayotaka tuyaseme leo kwa sauti.

Kwanza tuwajibu wanaosema kwamba bangi ni mali ya babu zetu. Haya, na tuseme ni kweli. Je, babu zetu walilima shamba zima katikati ya matete ya bonde la Mto Mara, wakaweka vijana wenye mapanga na mishale kulilinda usiku? Je, waliipakia magunia kwa magunia na kuyapitisha njia za panya kwenda kumtajirisha mtu wasiyemjua jina? Huo si urithi, ni biashara. Tena ni biashara ya kinyonyaji kuliko nyingi tulizozipiga vita. Mlimaji hulala na mbu bondeni miezi mingi. Dalali huja siku moja, hutaja bei anayoitaka, naye mlimaji hana wa kumshitakia. Siku askari wakija, dalali yuko mjini anakunywa chai, na anayefungwa ni mlimaji. Kifungo cha miaka 30 kimo katika Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015, kama ilivyorekebishwa mwaka 2017. Kijana anayeingia gerezani ana miaka 22 atatoka ana miaka 52. Hesabuni wenyewe, ndugu zangu: ni nani aliyekula, na ni nani aliyelipa?

Sasa tuje kwenye usalama, maana ndilo jambo kubwa. Mtu akiibiwa ng'ombe, hupiga yowe. Akidhulumiwa kahawa, huenda kwenye chama cha ushirika au mahakamani. Lakini aliyedhulumiwa bangi ataanzia wapi? Ataingia kituo cha polisi aseme, "Nimeibiwa magunia yangu manne ya bangi"? Hawezi. Basi deni la bangi hudaiwa kwa panga, na shamba la bangi hulindwa kwa panga, na jirani anayedhaniwa amechongea hutishwa kwa panga hilo hilo. Biashara isiyo na mahakama hujitengenezea mahakama yake, na hakimu wake ni mwenye nguvu. Katika nchi yetu hii ya Mara, ambako ugomvi wa koo na wizi wa mifugo umekwisha kutuliza mara nyingi, kuongeza biashara kama hiyo ni kumwaga mafuta ya taa juu ya makaa.

Tena tusisahau mpaka. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walikaa huko kwao wakachora mstari kutoka pwani hata Ziwa Viktoria, wakawakata Wakurya vipande viwili bila kumwuliza Mkurya hata mmoja. Leo mstari huo ambao hatukuuchora ndio unaowapa faida walanguzi: wakifukuzwa Sirari wamo Isebania, wakifukuzwa Isebania wamo Sirari. Undugu wetu wa pande mbili umegeuzwa kuwa kichaka cha wezi. Hilo ni tusi kwa undugu wenyewe.

Serikali imefanya nini? Imefyeka. Mwaka 2023 maofisa wa Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya walishuka bonde la Mto Mara wakakata mashamba na kuyachoma. Vema. Lakini anayefyeka huondoka jioni, na mvua hunyesha kesho. Ardhi ile ni ya kijiji, na anayebaki nayo ni kijiji. Kwa hiyo dawa lazima ianzie kijijini, na chombo tunacho. Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 imekipa kijiji uwezo wa kutunga sheria ndogo: halmashauri ya kijiji huandika, mkutano mkuu wa wanakijiji hujadili, halmashauri ya wilaya huthibitisha. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 nayo imeiweka ardhi ya kijiji mikononi mwa halmashauri hiyo hiyo. Tunataka uwezo gani zaidi?

Lakini hapa ndipo ninapotaka kuwaonya, wenzangu. Sheria ndogo inaweza kuwa fimbo, na inaweza kuwa pazia. Kijiji kinachomtoza mlimaji faini ya fedha, kikaiacha miche ardhini, hakijakomesha kitu, kimeuza leseni. Mlimaji ataihesabu faini ile pamoja na gharama za mbegu na palizi, na mwaka ujao atakuja nayo mkononi. Na kama faini hiyo hailipwi kwa stakabadhi, basi hata leseni si ya kijiji, ni ya mtu mmoja mwenye mfuko mpana. Sheria ndogo haiwezi kuhalalisha lililokatazwa na Bunge, wala mwenyekiti hana haki ya kusamehe kwa bei.

Vile vile, tusidanganyike kwamba dawa ni kuwaachia sungusungu viboko. Sungusungu walizaliwa miaka ya 1980 kwa sababu watu walichoka kuibiwa, na sheria ya mwaka 1989 ikawatambua. Iritongo letu, baraza la wazee na watu wote, ni kongwe kuliko serikali yo yote iliyopata kukaa Musoma. Hizo ni nguvu za wananchi. Lakini mlinzi akimpiga mtu hata kumvunja, au akamsingizia bangi mtu wa ukoo mwingine ili amalize kisasi cha ng'ombe, amekuwa yeye ndiye hatari. Amkamate mtu, ampeleke kituoni, aandikishe jina lake. Basi.

Wako pia wanaotuambia kwamba Uruguay iliruhusu bangi mwaka 2013 na Kanada mwaka 2018. Ni kweli. Lakini huko walibishana mchana, wakapiga kura, wakaweka ukaguzi. Anayetaka hayo hapa kwetu ampe mbunge wake hoja Dodoma. Asitushawishi kwa kuficha magunia kwenye mihogo.

Basi tufanye nini? Mashamba yote ya bondeni yaandikwe katika daftari la kijiji, kila moja na mwenyewe, ili pasiwe na shamba lisilo na baba. Mkutano mkuu ukutane kila miezi mitatu kama inavyotakiwa, na swali la bangi liwemo kila mara. Faini zote zisomwe hadharani na stakabadhi zake. Na ninyi viongozi wa juu, mkulima wa kahawa wa Tarime na mkulima wa pamba wa Serengeti walipwe kwa wakati. Maana dalali wa bangi hulipa papo hapo, na tumbo halingoji hotuba.

Na sisi wenye kadi, tukutanapo kuchagua wagombea wetu wa uenyekiti wa kijiji, tumwulize kila mmoja swali moja tu: bondeni kuna nini? Atakayeangalia chini, tumwache huko huko chini.

Uhuru na Kazi!