Kayongo, mtama na mstari uliofutwa

Leo naacha kompyuta kidogo, ingawa si mbali sana. Ukipita mashamba ya mtama na mahindi nje ya Kisumu kabla ya mavuno, utaona maua mazuri ya zambarau. Usiyasifu mbele ya mwenye shamba. Hiyo ni kayongo, kama Wajaluo wanavyoiita. Wengine husema kiduha. Hujichomeka kwenye mizizi ya nafaka na kuinyonya. Mbegu zake ni kama vumbi, mmea mmoja hutoa maelfu kwa maelfu, na zaweza kukaa ardhini zaidi ya miaka kumi zikingoja.

Zinangoja nini? Ujumbe! Mizizi ya mtama ikikosa fosforasi hutoa kemikali ziitwazo strigolaktoni, ili kuita kuvu rafiki wa udongoni. Kayongo inadukiza. Ikisikia tu, inaota.

Sasa kuna mtama uitwao SRN39 ambao hauisumbukii sana kayongo. Kundi la Gebisa Ejeta, Mwethiopia wa Chuo Kikuu cha Purdue aliyepata Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2009, liliuchanganya na mtama unaoshambuliwa, likapima vizazi vilivyofuata mstari kwa mstari na kulinganisha DNA. Ni kama sisi tunavyowinda hitilafu: unagawa matoleo ya programu nusu kwa nusu mpaka ubaki na mistari michache. Mwaka 2012 walikuwa wamefika kromosomu ya 5. Mwaka 2017 wakaitaja jeni yenyewe, LGS1. Katika SRN39 imefutika! Mmea bado unatoa strigolaktoni, ila ya aina nyingine, orobankoli, ambayo kayongo haiitikii vizuri.

Wapo wanaosema jina la jeni halijazi chungu. Sikubaliani nao. Tabia hii hujificha: lazima mmea urithi nakala mbovu pande zote mbili. Changanya SRN39 na mtama wa nyumbani, na watoto wote wa kwanza watashambuliwa kama kawaida. Anayetazama shamba peke yake atawang'oa, kumbe wamebeba dawa. Anayeijua jeni anachukua kipande cha jani la mche, anapima, basi.

Tena ukijua sababu unajua na gharama. Utafiti wa 2020, aliomshiriki Steven Runo wa Chuo Kikuu cha Kenyatta, ulikuta nakala mbovu zimezidi palipo na kayongo nyingi, na dalili kwamba mmea hulipia hasara hiyo. Kwa hiyo si kufuta kila mahali ovyo.

Mahindi yalishapata yao. Mwaka 2005 hapa Kisumu yalizinduliwa Ua Kayongo, yenye badiliko dogo katika jeni moja, yakastahimili dawa ya kuua magugu inayopakwa kwenye mbegu. Kazi nzuri, lakini kila msimu inahitaji mbegu iliyopakwa dawa. Mtama wenye LGS1 iliyofutika haudai dawa, na kwa kuwa mtama hujichavusha wenyewe kwa sehemu kubwa, mkulima aweza kuweka mbegu yake.

Hapo ndipo ningetia pesa. Na nisingeanza na mbegu ya mbali: ningepima kwanza iliyotundikwa juu ya meko za akina mama wa Seme, Nyakach na Siaya.