Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Tafakari juu ya Kuizuru Walikale



Wahenga walituachia methali ya ukarimu isemayo: mgeni njoo, mwenyeji apone. Maana yake twaijua tangu utotoni. Mgeni akibisha hodi, chakula kilichowekwa akiba hutolewa, kuku huchinjwa, na hata mtoto aliyelala na njaa jana hushiba leo. Methali hiyo ni ahadi, lakini pia ni kipimo. Ikiwa mgeni amekuja, amekaa, ameondoka, na mwenyeji hakupona, basi yule hakuwa mgeni, hata kama tulimkaribisha kwa jina hilo. Napenda leo tukitumie kipimo hicho kwa mahali tunapopataja mara nyingi bila kupajua: Walikale, msitu wake, na kilima cha Bisie.

Kila likizo kuu inapokaribia, vikundi vya vijana hupanga matembezi. Hutajwa fukwe za Ziwa Kivu, hutajwa kisiwa cha Idjwi, hutajwa mlima Nyiragongo. Walikale haitajwi. Inapotajwa, hutajwa kwa sababu mbili tu: madini na vita. Kijana husema, "Nakwenda Walikale," na wenzake hawamwulizi atatazama nini. Humwuliza atarudi na kiasi gani. Mimi naona hapo pana hasara kubwa kuliko tunavyodhani. Anayeijua nchi kwa kile tu anachoweza kukitoa ndani yake hataijua kamwe, wala hataona sababu ya kuilinda.

Tuanze na nchi yenyewe. Ukitoka Goma kwa njia ya Sake, unapanda milima ya Masisi, nchi ya malisho, ya ng'ombe na jibini na ya baridi ya asubuhi. Ukiendelea kuelekea magharibi, ardhi inateremka, malisho yanakwisha, joto na unyevu vinaongezeka, na msitu unaanza. Wilaya ya Walikale peke yake inachukua zaidi ya theluthi moja ya eneo la Kivu ya Kaskazini. Mji wake ni mdogo, kandokando ya mto Lowa, juu ya barabara ya taifa nambari 3 itokayo Bukavu kuelekea Kisangani. Upande wa kusini kuna sehemu ya chini ya mbuga ya Kahuzi-Biega. Upande wa kaskazini-magharibi kuna mbuga ya Maiko, iliyoundwa mwaka 1970 na ambayo hadi leo ni wachache mno waliowahi kukanyaga ndani yake.

Maji ya nchi hiyo yana safari ndefu. Vijito vya msituni huingia Lowa, Lowa huingia Lualaba, na chini ya Ubundu maji hayohayo huanguka katika maporomoko saba ya Boyoma kabla ya kufika Kisangani. Anayesimama kwenye maporomoko ya Wagenia, akiwatazama wavuvi na mitego yao mikubwa iliyofungwa kwenye miti, anatazama pia mvua iliyonyesha juu ya Walikale.

Ndani ya misitu hii anaishi sokwe mkubwa wa nchi za chini, aitwaye pia gorila wa Grauer, asiyepatikana katika nchi nyingine yoyote ila Kongo yetu, mashariki. Mwaka 2016 wataalamu walimweka miongoni mwa viumbe walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Humo pia yumo okapi, na yumo tausi wa Kongo. Habari ya tausi huyo ina fundisho. James Chapin, mtaalamu wa ndege kutoka Marekani, aliyesafiri katika misitu yetu kati ya mwaka 1909 na 1915, aliona unyoya katika kofia ya mwenyeji na hakuweza kuutambua. Mwaka 1936, katika jumba la makumbusho la Tervuren huko Ubelgiji, alikuta ndege wawili waliokaushwa, wameandikwa kimakosa kuwa ni tausi wa Asia, akakumbuka unyoya ule. Ndipo ulimwengu wa elimu ulipotangaza kwamba ndege mpya amegunduliwa. Lakini mwenye kofia alikuwa akimjua siku zote! Kama mgeni angeketi na kumwuliza vizuri mwenyeji wake, huenda miaka ile mingi isingehitajika.

Sasa tutazame wageni wengine. Mwaka 2002 habari zilienea kwamba kilima cha Bisie kina kasiterite, jiwe litoalo bati. Maelfu ya watu walifika kwa miguu kupitia msituni, na kambi ikawa kama mji. Kwa miaka kadhaa sehemu kubwa ya kasiterite ya Kivu ya Kaskazini ilitoka hapo, tena ilitoka migongoni mwa watu. Mchukuzi alibeba mfuko wa kilo 50 akapita matope na mizizi hadi Njingala. Kutoka hapo mzigo ulipelekwa kwa gari hadi Kilambo, ambako ndege ndogo zilitua juu ya lami ya barabara, zikapakia, zikaruka kwenda Goma. Wenye bunduki walitoza kodi machimboni na njiani. Mnamo Septemba 2010 Rais Joseph Kabila alisimamisha uchimbaji katika Kivu zote mbili na Maniema. Marufuku hayo yaliondolewa Machi 2011. Baadaye kampuni ya Alphamin ilijenga mgodi wa kisasa, ulioanza kutoa bati mwaka 2019. Mwaka 2024 ulitoa zaidi ya tani 17,000, kiasi cha asilimia 6 ya bati yote ya dunia. Mwezi Machi 2025 kazi ilisimama, waasi wa M23 walipousogelea na kuuteka mji wa Walikale. Walipoondoka mwanzoni mwa Aprili, kazi ilirudi mwezi huohuo.

Bati hutumika kulehemu nyaya na vipande vidogo ndani ya simu na redio. Kijana anayesoma ukurasa huu akiwa na simu mfukoni huenda amebeba chembe ya Bisie bila kujua. Mkono wake umekwisha kufika huko kabla ya mguu wake.

Je, mwenyeji amepona? Nisiwe mtu wa upande mmoja. Mgodi wa kisasa unalipa mishahara na kodi, na mzigo wa kilo 50 umeondoka katika migongo mingi. Hata hivyo, msafiri aendaye Walikale bado anakwama katika tope, na mama mjamzito bado anabebwa katika tipoi. Msitu nao umelipa: penye kambi ya wachimbaji maelfu pana midomo maelfu inayotaka kula, na nyama ya haraka ni ya mwituni. Madawati nayo yamelipa. Mimi ni mwalimu kwa mafunzo, na katika miaka yangu ya kazi nimewaita majina asubuhi vijana wasioitika, kwa kuwa walikuwa wamefuata kasiterite. Wachache walirudi na pikipiki. Wengi walirudi na kikohozi na deni.

Wala tusidhani kwamba mgeni mbaya ni mchimbaji peke yake. Hata mpenda msitu aweza kuwa mgeni mbaya. Mbuga ya Kahuzi-Biega ilipoundwa mwaka 1970 na kupanuliwa mwaka 1975, Wabatwa walioishi humo tangu mababu walifukuzwa bila kuulizwa wala kulipwa. Mwaka 2024 ilitangazwa hukumu ya Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Watu kwamba haki zao zilikiukwa. Tazameni: mmoja aliona jiwe tu asiyaone miti, mwingine aliona miti na wanyama asiwaone watu. Wote wawili walifika nyumbani kwa mtu wasimsalimu mwenye nyumba.

Na mwenye nyumba ana mengi ya kufundisha. Wanyanga wa Walikale wana utenzi mkubwa wa Mwindo, uliosimuliwa na Candi Rureke mwaka 1956 kwa mtaalamu Daniel Biebuyck, ukachapishwa mwaka 1969 na kusomwa katika vyuo vya mbali. Katika masimulizi hayo shujaa Mwindo, baada ya ushindi mwingi, anachukuliwa hadi mbinguni na Nkuba, mwenye radi. Huko anateswa kwa mvua, baridi na jua, anakaripiwa kwa majivuno yake, na anarudishwa duniani akiwa amekatazwa kuua wanyama. Wazee wa msituni walijua, kabla ya semina yoyote ya mazingira, kwamba mwenye nguvu asiyejizuia hana budi kufundishwa kwa uchungu. Ni vijana wangapi wa Goma, Masisi au Bukavu walioisikia habari hiyo? Tunajua majina ya wachezaji wa mpira wa Ulaya, hatumjui Mwindo wa jirani.

Najua nitajibiwa: "Mwalimu, mtu mwenye njaa hatazami maporomoko." Nawajibu kwa heshima. Ni kweli, uzuri hauivishi muhogo. Lakini njaa ya Walikale haikuletwa na watu waliokaa kutazama. Ililetwa, kwa sehemu kubwa, na waliokuja kwa haraka, wakachukua, wakaenda. Baba Mtakatifu Fransisko alipokuwa Kinshasa mwaka 2023 alisema wazi kwamba Afrika si mgodi wa kunyonywa wala ardhi ya kuporwa. Neno hilo tulilipigia makofi tukidhani linawahusu wageni wa mbali. Linatuhusu na sisi, kila mara tunapoiita nchi ya jirani kwa jina la madini yake.

Kuzuru basi kuna adabu zake, nami nitazitaja kwa ufupi. Kwanza, kupiga hodi: kwa mwami, kwa parokia, kwa walinzi wa mbuga, na kwa wazee wa kijiji kabla ya kuingia msituni mwao. Pili, kula na kulala kwa mwenyeji na kumlipa haki yake, ili fedha ya safari ibaki pale safari inapofanyika. Tatu, kuuliza kabla ya kueleza; anayeujua msitu kwa miguu yake ni mwalimu, ingawa hana cheti. Nne, kuacha kitu. Methali nyingine husema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kikundi kikikaa siku ya tatu, na kishike jembe, kisafishe chemchemi au kitengeneze daraja la miti. Bwana alipowatuma wale sabini na wawili, aliwakataza kubeba mfuko. Kwa Walikale ningeongeza: tusiende na mfuko mtupu kwa nia ya kuurudisha umejaa.

Mtasema tena: "Barabara hazina usalama." Ni kweli, na hakuna kiongozi mwenye busara atakayepeleka watoto wa watu mahali penye milio ya risasi ili wapige picha. Msiende mpaka wenyeji wenyewe waseme njooni. Lakini ziara haianzi na gari. Vita vimewaleta watu wa Walikale na wa Masisi hadi vitongojini mwenu. Wapo katika familia za wenyeji, wapo kwenye madawati ya nyuma kanisani, nao mara nyingi huitwa "wakimbizi" tu, kana kwamba hawakuwa na mto, wala shamba, wala jina. Walikale imekuja kwako kabla hujaenda kwake. Nenda ukamsalimu mama mmoja. Mwulize kijiji chake kiko juu ya mto gani, mti gani hutibu homa ya mtoto, babu yake alikataza kuwinda mnyama gani, na kwa nini. Peleka unga, lakini usiuache mlangoni ukakimbia, keti.

Siku amani itakaporudi na njia kufunguka, kijana aliyeketi hivyo atafika Walikale akiwa na majina ya watu wa kusalimia, na mwenyeji atamtambua. Hapo methali ya wahenga itakuwa imetimia kwa njia mbili: mwenyeji atapona, na mgeni naye atapona ile homa ya kudhani kwamba kila nchi ni kilima cha kuchimbwa.

Maswali ya kujadili katika kikundi:

1. Katika parokia yetu kuna familia ngapi zilizotoka Walikale au Masisi? Tunazijua kwa majina?
2. Tunapopanga matembezi, fedha yetu humfikia nani?
3. Ni nini tunachoweza kuacha mahali tunapozuru, badala ya kile tunachotaka kurudi nacho?