Kifungu cha 27 Hakikuandikwa kwa ajili ya Maaskofu Pekee



Kuna neno ambalo tumelisikia mara nyingi baada ya Misa, watu wakiwa wamesimama uani wakipiga soga, hata tumelichoka: "Tungoje, maaskofu watasema." Bei ya kujifungua ikipanda, tungoje maaskofu. Dawa zikikosekana katika kituo cha afya kwa miezi miwili, tungoje maaskofu. Na CENCO inapotoa tamko, tunalisoma, tunalisifu, tunalibandika kwenye ubao wa matangazo, kisha tunarudi nyumbani kana kwamba wajibu umekwisha. Sisi tunasema wazi kwamba tabia hiyo ni uvivu uliovikwa kanzu ya utii.

Hatusemi hivyo kwa kuwadharau wachungaji. Maaskofu wa nchi hii wamesema penye hatari, na wamesema mapema kuliko wengi. Lakini askofu hutamka jambo kubwa, yaani kwamba afya ni haki ya kila mtu. Hawezi kujua kwamba mama aliyejifungua Jumatatu katika kituo fulani aliombwa glavu, pamba, wembe, na hela ya mafuta ya jenereta juu yake. Anayejua hayo ni dada yake mama huyo, ni mume wake, ni kijana aliyemsindikiza kwa pikipiki usiku wa mvua. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulikwisha kufundisha mwaka 1965 kwamba shughuli za ulimwengu huu ni fungu la walei kwa namna ya pekee, na kwamba wasidhani mapadri wao watakuwa na jibu tayari kwa kila swali linalozuka. Miaka sitini imepita, nasi bado tunamsukumia paroko kila barua inayopaswa kuandikwa.

Katiba yetu ya tarehe 18 Februari 2006 ina kifungu cha 27. Kinasema nini? Kwamba kila Mkongomani, peke yake au pamoja na wengine, ana haki ya kupeleka ombi kwa mamlaka ya umma, na kwamba mamlaka hiyo inalijibu katika muda wa miezi mitatu. Kinaongeza kwamba mtu hawezi kushtakiwa kwa namna yoyote kwa sababu ya kuchukua hatua hiyo. Someni tena: kila Mkongomani. Hakuna sharti la kuwa na shahada, hakuna sharti la kuwa wakili au mwanachama wa chama cha siasa. Tumekaa na vikundi vingi vya vijana katika mafunzo. Wanajua kifungu cha 64, kile cha kumpinga anayetwaa mamlaka kwa nguvu, wanakitaja kwa moto mwingi. Cha 27 hawakijui. Kile kinachowatuma barabarani wamekishika kwa moyo, na kile kinachowatuma mezani kuandika hawajawahi kukisikia.

Na wakati wa kuandika ndio huu. Mwezi wa Septemba 2023 serikali ilianzisha mjini Kinshasa mpango wa kujifungua bila malipo, ukagusa huduma za mama mjamzito, kuzaa kwa kawaida au kwa upasuaji, na matunzo ya mtoto mchanga. Baadaye ulianza kupanuliwa katika mikoa mingine kwa hatua. Ni jambo jema, na asiyelisifu ana roho ngumu. Katika nchi ambamo wanawake wamezuiliwa hospitalini na watoto wao mikononi kwa sababu ya deni, mpango kama huo unagusa moyo wa Injili. Lakini wema wa mpango ulioandikwa Kinshasa haujatimia mpaka ufike kwenye kitanda cha mwisho cha kituo cha mwisho, na hapo ndipo ushuhuda wenu unapohitajika.

Tuangalie jinsi kituo kinavyoishi. Wauguzi wengi katika zoni zetu za afya hawapati mshahara wa serikali, au hupata posho tu. Wanakula kutokana na kile ambacho mgonjwa analipa. Ukiwaambia leo, "Mama asilipe," ni lazima pesa ije kutoka mahali pengine. Mpango unasema itatoka katika Mfuko wa Mshikamano wa Afya. Vema. Lakini pale malipo ya Mfuko yanapochelewa, muuguzi atafanya nini? Hatamfukuza mama. Atamwomba anunue glavu nje. Atamwambia kuzaa ni bure ila daftari linalipiwa, na usafi wa chumba unalipiwa, na karatasi ya kuzaliwa kwa mtoto inalipiwa. Hivyo ada iliyofukuzwa kwa mlango mkubwa inarudi kwa dirisha, na katika taarifa inayopanda kwenda wizarani kila kitu kinaonekana bure. Si lazima kumtafuta mwizi hapo. Muuguzi ana watoto, mama ana haki, na kati yao kuna pengo ambalo waziri haoni, kwa kuwa hakuna aliyemwandikia ukubwa wake.

Sisi wa ualimu tumekwisha kuliona jambo hili likitokea upande wetu. Kifungu cha 43 kiliahidi elimu ya msingi bila malipo katika shule za umma tangu 2006. Kililala miaka kumi na mitatu. Kilipoamshwa mwezi wa Septemba 2019, watoto walifurika madarasani, na tulishangilia kwa haki. Lakini madawati yalibaki yaleyale, na walimu wengi waliokuwa hawajaandikishwa katika orodha ya serikali, ambao walikuwa wakiishi kwa mchango wa wazazi, walijikuta bila mchango na bila mshahara. Kila mwalimu aliyeshika chaki angeweza kuyatabiri hayo kwa ukurasa mmoja. Tuliyanung'unikia katika vyumba vya walimu, tukayaimba katika mikutano, na wengine wakagoma. Kurasa zilizopelekwa mahali pake zilikuwa chache mno. Kujifungua bila malipo kusipite njia ileile.

Watatuambia: "Mnapoteza wino, wakubwa hawasomi." Tuwajibu kwa historia, maana sisi tulikuwa na umri wenu wakati ule. Mwezi wa Januari 1990 Mobutu alitangaza kwamba wananchi waseme maoni yao juu ya utawala wa nchi. Alidhani, bila shaka, kwamba atapokea shukrani na nyimbo. Alipokea maelfu ya maandiko. Wanafunzi waliandika, wafanyakazi wa wizara zake mwenyewe waliandika, maaskofu waliandika nao, wakiwa sauti moja kati ya nyingi. Tarehe 24 Aprili mwaka uleule, pale N'Sele, alisimama na kutangaza mwisho wa chama kimoja. Tunajua yaliyofuata, wala hatuwadanganyi kwamba karatasi zilileta paradiso: mpito ulivutwa miaka na miaka, na tarehe 16 Februari 1992 Wakristu waliuawa mjini Kinshasa kwa kuandamana wakidai Konferensi ya Taifa ifunguliwe tena. Damu ile tunaiheshimu. Lakini msiruhusu mtu awaambie kwamba katika nchi hii maandishi ya wananchi hayajawahi kusogeza kitu. Yalisogeza chama-dola.

Wengine, hasa wazee wa baraza, watasema kwamba hiyo ni siasa na vijana wabaki na kwaya. Tunawaomba wafungue kitabu cha Hesabu, sura ya 27 (namba imeangukia penyewe, hatukuichagua). Mabinti watano wa Selofehadi walisimama mbele ya Musa, mbele ya kuhani na wakuu wote, kwenye mlango wa hema ya kukutania. Baba yao alikufa bila mtoto wa kiume, na desturi iliwanyima urithi. Hawakulia mbele ya hema tu. Walieleza hali yao, walitaja sababu, waliomba kitu kimoja kinachojulikana. Musa alipeleka shauri lao kwa Bwana, na sheria ikabadilishwa, tena kwa Israeli yote. Majina yao matano yameandikwa katika Maandiko. Nani atasema mabinti wale waliingilia siasa?

Lipo pia kundi la tatu, nalo tunaliogopa kuliko yale mawili: wale wanaosema wananchi wamekwisha kusikilizwa kwa sababu palifanyika warsha. Mnazijua warsha hizo. Ukumbi wa hoteli, bango lenye nembo saba, chupa za maji, posho ya usafiri, mtu mmoja anayeitwa "mwakilishi wa vijana" ambaye vijana hawajui aliteuliwa lini. Saa saba mchana maoni ya wananchi yamekwisha kukusanywa, kwa sababu chakula kimeiva. Hatukatai kualikwa. Lakini anayealikwa huongea juu ya swali la mwenye kumwalika, na anayeandika kwa haki yake huchagua swali mwenyewe.

Na kabla ya kwenda mbali hadi kwa waziri, tuulize kilicho karibu. Kila eneo la afya linapaswa kuwa na kamati ya maendeleo, ile tunayoiita CODESA, iliyotoka kwa wananchi na kufuatilia pamoja na wauguzi mambo ya dawa na pesa za kituo. Wazo hili si zawadi ya jana. Azimio la Alma-Ata la mwaka 1978 lilisema kwamba watu wana haki na wajibu wa kushiriki katika kupanga huduma za afya yao, na Kasongo, huko Maniema, ni mojawapo ya mahali ambapo zoni ya afya ilijaribiwa mapema kabla nchi nzima haijagawanywa katika zoni. Leo zoni zinapita mia tano. Je, kijana wa shirika lako anamjua mwenyekiti wa CODESA yake? Amewahi kuhudhuria kikao chake kimoja? Mahali pengi kamati imebaki mihuri na majina, na jina moja au mawili ni ya marehemu. Viti hivyo si vya paroko. Ni vyenu, na viko wazi.

Sasa, barua yenyewe. Anayeandika kurasa nane za machungu, akichanganya barabara, umeme, kituo cha afya na tabia za mkuu wa wilaya, hajapeleka ombi, amepeleka kelele. Na wahenga walisema kelele za mlango hazimkoseshi mwenye nyumba usingizi. Barua ishike jambo moja. Itaje kituo, tarehe, na kiasi cha faranga ambacho akina mama walilipa kwa huduma iliyotangazwa kuwa bure, na risiti ziambatanishwe kama zipo. Majina ya akina mama yasitajwe bila ridhaa yao, idadi inatosha. Muuguzi asitukanwe, naye aombwe aseme ni miezi mingapi hajalipwa, na hilo liandikwe pia, kwa maana ombi linalomwacha yeye nje litamgeuza adui. Iombe kitu kinachoweza kufanyika na mtu anayeandikiwa: Daktari Mkuu wa Zoni hawezi kubadili bajeti ya taifa, lakini anaweza kuamuru bei na huduma za bure zibandikwe mlangoni. Waziri wa mkoa ana yake, na mbunge ana yake. Kifaransa ndicho lugha ya ofisi, kwa hiyo ombi liandikwe kwa Kifaransa, lakini kwanza lijadiliwe na kusomwa mbele ya wote kwa Kiswahili, ambacho kifungu cha kwanza cha Katiba kinakitambua kuwa lugha ya taifa. Mama asiye na Kifaransa asitie kidole chake kwenye karatasi asiyoielewa.

Pelekeni nakala mbili. Moja inabaki ofisini, ya pili inarudi nanyi ikiwa na muhuri wa mapokezi na tarehe. Karani akisema muhuri haupo, ngojeni. Akisema rudini kesho, rudini kesho, mkiwa wengi zaidi. Bila tarehe ile miezi mitatu haina mwanzo, na isiyo na mwanzo haina mwisho. Kifungu cha 27 hakitaji adhabu ya asiyejibu, hilo tunalikiri; nguvu yake iko katika daftari la anayehesabu siku.

Na siku zihesabiwe kwa akili. Katiba inataka serikali iweke mswada wa bajeti mezani pa Bunge la Taifa kabla ya kupita tarehe 15 Septemba. Kikao cha kwanza cha mwaka kinafungwa tarehe 15 Juni, na wabunge wanakuwa likizoni miezi mitatu, wengi wao wakirudi kwao, ambako mnaweza kuwakuta sokoni, harusini, hata kanisani kwenye benchi la mbele. Mwaka 2001 wakuu wa Afrika waliahidi pale Abuja kutenga walau asilimia 15 ya bajeti kwa afya, na nchi yetu iko mbali na kiwango hicho. Mbunge aulizwe hilo ana kwa ana, akiwa na nakala ya barua yenu mkononi. Kwa hiyo ombi linalopokelewa katikati ya Juni linadai jibu lake katikati ya Septemba, wiki ileile ambayo hesabu za mwaka ujao zinafika Bungeni. Ushahidi ukusanywe wakati wa Kwaresima na Pasaka, kituo kwa kituo, na kila kikundi kichague watu wawili wa kuandika na watatu wa kupeleka. Mwandishi mmoja kati ya hao wawili awe msichana, kwa kuwa wodi ya wazazi yeye anaweza kuingia.