MAZUNGUMZO YA BWANA SHAMBA: Msaragambo wa Kompyuta



Mwezi uliopita tulizungumza juu ya kupunguza machipukizi ya migomba. Mwezi huu tutazungumza juu ya mvua, na juu ya kompyuta. Usiseme kompyuta ni mambo ya watu wa ofisini. Soma kwanza.

Tuanze pale Soweto, Moshi Mjini. Watu wengi wanaokaa Soweto wana kihamba kwao mlimani. Wengine wana shamba la mahindi huko chini tambarare. Siku moja ya masika mama mmoja wa Soweto anampigia simu kaka yake aliyeko Kibosho.

"Shikamoo kaka. Mvua huko vipi?"

"Marahaba mdogo wangu. Inanyesha tangu usiku. Njia haipitiki."

"Mbona sisi huku ni vumbi tupu?"

Wote wawili wanasema kweli. Kutoka Soweto mpaka Kibosho si mbali, lakini ni kupanda mlima. Upepo wenye unyevu unakuja kutoka baharini. Unagonga mlima, unapanda, unapoa, na maji yanaanguka. Mjini Moshi mvua ya mwaka mzima ni kama milimeta 900. Ukipanda mpaka msituni, kwenye meta 2,200 hivi, mvua hupita milimeta 2,000. Ukizidi kupanda inapungua tena. Huko kileleni ni kukavu.

Mimi mwenyewe jambo hili lilinitia aibu. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nakaa juu, kwenye ukanda wa kahawa. Ilinyesha siku tatu mfululizo. Nikateremka tambarare nikawaambia wakulima, "Pandeni, masika yameanza." Wakanisikiliza, wakapanda. Kumbe kwao ilikuwa manyunyu tu. Mbegu zikaota, jua likawaka, miche ikakauka. Mzee mmoja akaniambia kwa upole, "Bwana Shamba, wewe umepima mvua ya nyumbani kwako." Sikuwa na jibu.

Basi wataalamu wa hali ya hewa nao wana shida kama yangu. Wao huigawa nchi katika miraba, kama karatasi ya hesabu ya mtoto wa shule. Kisha kompyuta inafanya hesabu za kila mraba: joto lake, upepo wake, unyevu wake, na urefu wa ardhi yake kutoka usawa wa bahari. Kama mraba una upana wa kilometa 100, Mlima Kilimanjaro wote unamezwa humo. Soweto imo, Kibosho imo, Rombo imo, na kipande cha Kenya kimo. Kompyuta haiuoni mlima. Inaona mwinuko mdogo tu, na inatoa mvua moja kwa watu wote. Dawa yake ni miraba midogo, ya kilometa moja. Hapo mlima unaonekana. Lakini miraba ikiwa midogo, idadi yake inakuwa kubwa mno, na hesabu zinakuwa nyingi mno. Kompyuta moja ya kawaida haziwezi. Kompyuta kubwa za kazi hiyo zipo, lakini bei yake ni kubwa na wanaozitaka ni wengi.

Sasa msomaji, wewe unajua tunavyofanya mfongo unapojaa matope. Hatumwachii mtu mmoja. Tunapiga msaragambo. Mfongo unapimwa, kila nyumba inapewa kipande chake. Huyu anachimba hapa, yule pale, na maji yanapita.

Wataalamu wamefanya hivyo hivyo. Duniani kuna kompyuta nyingi zimewashwa lakini hazina kazi. Mwenyewe amekwenda kula, au amelala. Mwenye kompyuta akikubali, anaweka programu ndogo ndani yake. Kompyuta ikikaa bure, programu hiyo inapokea kipande cha hesabu kwa njia ya intaneti, inakifanya, inarudisha jibu, inaomba kingine. Mwenyewe akirudi kwenye kazi yake, programu inampisha.

Mpango huu wa kuunganisha kompyuta zilizotawanyika huitwa gridi. Jina limetoka kwenye umeme. Wewe unalijua, maana tuna Gridi ya Taifa. Taa ya Soweto ikiwaka, huulizi kama umeme umetoka bwawa la Nyumba ya Mungu, au Kidatu, au Mtera. Mitambo yote inamimina mahali pamoja, na wewe unachota. Gridi ya kompyuta inataka kuwa hivyo: nguvu ya kuhesabu imetoka huku na huku, mtaalamu anachota.

Gridi moja inaitwa World Community Grid. Ilianzishwa mwaka 2004 na kampuni ya IBM ya Marekani. Mwaka 2021 ilikabidhiwa kwa taasisi ya utafiti ya Krembil, mjini Toronto, Kanada. Mwaka 2019 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Ufundi cha Delft, nchi ya Uholanzi, walileta kwenye gridi hiyo kazi ya mvua ya Afrika, nchi zote za kusini ya Sahara. Walitaka kuhesabu mvua ya mwaka mmoja uliokwisha kupita, kwa miraba ya kilometa moja. Afrika ikakatwa vipande zaidi ya 35,000. Na mwaka ukakatwa pia, siku mbili mbili. Zidisha mwenyewe: ni kazi zaidi ya milioni 6. Wenye kompyuta wa nchi nyingi wakazigawana. Hawakulipwa.

Kazi hiyo haikuisha kwa mwaka mmoja wala miwili. Kuna sababu. Kipande cha siku mbili za leo hakiwezi kuanza mpaka jibu la siku mbili zilizotangulia limerudi. Mtu akizima kompyuta yake akaondoka na kipande, wengine hawawezi kuendelea hapo. Inabidi kungoja muda upite, kisha kipande kipewe mtu mwingine. Katika msaragambo tunawajua watu wa namna hiyo. Sisi tunawatoza faini. Wenzetu hawatozi.

Lakini usidanganyike. Kazi hii haikukusudiwa kukuambia kesho upande au usipande. Utabiri wa masika na vuli unatolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, na lazima uendelee kuusikiliza redioni. Hesabu hizi za gridi ni za kuwafundisha wataalamu jinsi mvua yetu inavyotembea, ili utabiri wa baadaye uwe bora. Pia sharti la gridi hiyo ni kwamba matokeo yawe wazi kwa watu wote. Mtaalamu wa Dar es Salaam au wa Nairobi ana haki ya kuyachukua sawasawa na wa Uholanzi. Sharti hilo ni zuri sana, na tusilisahau.

Sasa tufike kwenye jambo linalokuhusu wewe. Kompyuta hata ziwe milioni, zinatoa hesabu tu. Nani atajua kama hesabu ni kweli? Lazima jibu lilinganishwe na mvua iliyopimwa chini, kwenye ardhi. Wataalamu wa Delft walikusudia kulinganisha na picha za satelaiti na na vipimo vya mradi uitwao TAHMO. Mradi huo huweka vituo vidogo vya hali ya hewa, vingi katika viwanja vya shule, kama kule Kenya na Uganda. Shabaha yao ni vituo 20,000 kwa Afrika nzima, kimoja kila kilometa 30. Vilivyowekwa ni mia kadhaa tu. Na hata vikitimia, kilometa 30 kwa mlima wetu ni mbali. Katikati yake Soweto ina vumbi na Kibosho ina matope.

Kwa malaria mambo yalikuwa hivyo hivyo. Tangu mwaka 2006 hivi mpaka mwaka 2016 wataalamu wa Basel, Uswisi, walitumia kompyuta za watu wa kujitolea kuhesabu jinsi malaria inavyoenea, na kipi kingeipunguza zaidi: chandarua, dawa au chanjo. Hesabu zao zilisimama juu ya takwimu za vijijini Afrika, pamoja na vijiji vya bonde la Kilombero hapa kwetu. Mtu fulani alikubali kuchomwa kidole, na mtu mwingine akaandika. Bila hao wawili kompyuta za Ulaya zingehesabu hewa.

Basi andika mvua yako. Tafuta kopo lenye pande zilizonyooka na kitako bapa. Liweke mahali peupe, mbali na migomba na mbali na paa, na ulikaze lisianguke. Kila siku saa 3 asubuhi chovya rula mpaka chini. Soma maji yamefika milimeta ngapi. Kumbuka kwamba rula nyingi hazianzii sifuri ukingoni, basi ongeza kile kipande kilichobaki. Mwaga maji, rudisha kopo. Milimeta moja ni sawa na lita moja ya maji juu ya kila meta moja ya mraba ya shamba lako.

Andika tarehe, andika namba. Siku ikiwa kavu andika 0, usiache wazi. Mahali pakiwa wazi hatujui kama mvua haikunyesha au wewe ulikwenda msibani. Na usikisie. Kama hukupima, andika "sikupima".

Mzee yule wa tambarare sasa ana daftari. Binti yake anayekaa Soweto ana lake. Mimi ninalo la huku juu. Masika yaliyopita tuliyaweka mezani yote matatu. Katika wiki moja mimi nilikuwa na milimeta 74, binti 19, mzee 6. Tulizisoma kimya. Kisha mzee akacheka, akaniuliza, "Bwana Shamba, wiki hii ungetuambia tupande?"

Mwezi ujao tutazungumza juu ya kukausha mahindi kabla ya kuyaweka ghalani. Ukiwa na daftari la mvua, lete kwa Bwana Shamba au Bibi Shamba wa kata yako.